Shingo ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikuwa akizungumza nami kupitia kuku. Nikifika kwake, mke wangu akiwa bado nyuma anasalimiana na majirani, mama aligeukia ukutani, akavuta kanga hadi kwenye paji la uso, akamwambia kuku aliyekuwa anachakura mlangoni, "Mwambie mkwe maji ya kuoga yapo tayari." Nami, mtu mzima mwenye cheti cha chuo, nilimjibu kuku kwamba amwambie mama nashukuru sana, naja. Kuku asipokuwepo alitumia mlango. Siku moja ya mvua alimpa ujumbe mwavuli wangu mwenyewe.

Baada ya kumzika nilijaribu kumweleza mwenzangu wa kazini mama alikuwa mtu wa namna gani, nikaona maneno yananipiga chenga. Sauti yake naijua. Kisogo chake nakijua kuliko changu. Mifupa ya shingo yake nimeitazama kwenye mwanga, pingili kwa pingili. Lakini kama angeniuliza mama alikuwa na uso wa namna gani, ningekuwa na machache sana ya kumwambia.

Kwao ni ufukweni mwa ziwa, ukishapita Tingi na barabara ikaanza kuteremka. Huko, kwa desturi ya zamani, mkwe wa kiume na mama wa mkewe hawatazamani usoni, hawagusani, hawali mahali pamoja, na wakikutana kwenye njia nyembamba mmoja anaingia porini. Hata kwetu Matiri, milimani, ukwe una heshima zake, lakini kwetu mtu hupunguza kidogo akiona mambo yanakuwa magumu. Vijana wa siku hizi wanapiga picha wamewakumbatia mama wakwe zao. Mama yangu huyu hakupunguza chochote. Aliniambia mara moja, kupitia kwa mke wangu, kwamba mama yake mzazi hakuwahi kuuona uso wa mkwe wake, yaani mume wake yeye, akiwa mbele ya mama huyo, alikuwa mgongo tu unaokimbilia migombani, na ndoa ile ilidumu.

Sasa utani wa Mungu ni huu. Kazi yangu ni fiziotherapia, katika hospitali moja ya Mbinga. Watu wananiita daktari wa mazoezi, wengine kwa heshima, wengine kwa sauti ya mtu aliyetegemea sindano akapewa ushauri. Na wagonjwa wanaonijia kwa wingi ni wa shingo. Wanatoka Matiri, wanatoka Mbuji, akina mama waliobeba kuni na mahindi na viroba vya kahawa kichwani kwenye milima ile tangu wakiwa wasichana, na wanaume walioinama juu ya cherehani au jembe mpaka shingo ikasahau kunyooka. Nawashika. Kazi yetu huanza kwa mikono: unapapasa misuli, unaona wapi imekaza, unamgeuza mtu kichwa taratibu, unasikia inagoma wapi. Katika shingo zote za wilaya mbili, moja tu ndiyo iliyokuwa haramu kwangu, na ndiyo iliyougua ndani ya ukoo wangu.

Ilianza kama zinavyoanza zote. Asubuhi shingo ngumu, mchana inalainika. Kisha maumivu yakashuka bega la kulia, yakatambaa mkono mzima hadi vidoleni kama sisimizi. Kisha kikombe kikaanza kumponyoka. Mke wangu alimleta Mbinga, akapigwa picha, na mimi nikakaa chumba cha pili nikisubiri picha iletwe. Pingili za chini za shingo zilikuwa zimesogeleana, sahani laini za katikati zimesinyaa, na pembeni mfupa umeota vijino. Mpiga picha alitumia neno moja: "Imelika."

Neno lile lilifanya uharibifu kuliko ugonjwa. Lilifika nyumbani kabla ya mgonjwa. Mfupa umelika, watu wakasema, kama vile kuna kitu ndani kinaendelea kutafuna. Mimi huwaambia wagonjwa wangu kwamba ukiwapanga wazee wote wanaotoka kanisani Jumapili ukawapiga picha shingo, utakuta vijino vya namna hiyo kwa wengi wao, na baadhi yao ndio waliokuwa wanaimba kwa nguvu kuliko wote. Picha inaonyesha mtu ameishi. Haionyeshi anachoweza. Lakini nani anasikiliza maelezo marefu akiwa ameshasikia neno fupi?

Mama mwenyewe aliipenda ile picha kupita kiasi. Aliibandika dirishani, mwanga wa ziwa ukapita katikati ya mifupa yake, na wanawake waliokuja kumjulia hali aliwasimamisha pale. "Hapo ndipo mimi, ndani," aliwaambia. "Kumbe nina shingo ndefu." Nikija mimi aliifunika na kitambaa cha meza. Haikufaa mkwe kuiona. Nilikuwa nimeisoma mimi kabla ya mtu yeyote wa nyumbani, nikaandika ripoti, lakini hilo lilikuwa la hospitali, na hapa palikuwa nyumbani kwake.

Nyumba hiyo ndiyo iliyokuwa jambo lenyewe. Mtoto wake mkubwa, shemeji yangu, ana duka la vifaa vya ujenzi Mbinga mjini, ni mtu mwema na anampenda mama yake kama wanavyopenda watu wenye gari. Alikuwa amemjengea chumba nyumbani kwake, chenye choo humohumo na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Picha ilipotoka akasema basi, imetosha, mama anahamia mjini. Mtu mwenye shingo iliyolika hawezi kuachwa peke yake na ndoo za maji, shamba la muhogo na vichanja vya kuanikia usipa, wale dagaa wa ziwani. Mama akasema hahami. "Nikakae mjini nifanye nini? Ningoje chakula, nikishiba ningoje kingine?" Aliolewa akaletwa katika nyumba ile, na kaburi la mumewe liko nyuma ya jiko. Alitaka kufia pale, na kabla ya kufa alitaka aendelee kuchota maji yake mwenyewe. Hakuwahi kuliremba jambo hilo kwa maneno mengine.

Shemeji akasema, vizuri, tumuachie mtaalamu. Akanitazama mimi.

Niliona afadhali tiba yake ni mazoezi. Ingekuwa tiba ya kukandwa tu, tungekwama hapohapo. Mazoezi yanaweza kupita ukutani. Basi Jumamosi moja nilikaa nje kwenye kigoda, mama na mke wangu wakiwa ndani, na dirisha katikati. Nikasema kwa sauti: mwambie akae wima, macho mbele, arudishe kidevu nyuma bila kukiinua wala kukiinamisha. Mke wangu akamwambia. Kisha mke wangu akatoa kichwa dirishani. "Anasema kidevu hakiendi nyuma, kiliumbwa mbele."

Nikafikiri. "Mwambie afanye kama mtu aliyeletewa samaki aliyeoza akaambiwa anuse."

Nikasikia kicheko kifupi ndani, na mke wangu akasema, "Hapo sasa amefanya." Tangu siku ile zoezi hilo likawa na jina: kukataa samaki. La kusukuma paji la uso kwa kiganja huku shingo ikigoma kusogea aliliita kushindana na mkono. La kuvuta mabega nyuma hadi mifupa ya mgongoni ikutane, kama mtu anayebana kitu katikati, aliliita kubana kanga, na alisema ni zuri kwa sababu linamrudishia mtu kifua alichokuwa nacho ujanani. Nilipowapa wagonjwa wangu majina hayohayo, wa ziwani walicheka na wa Mbuji wakaniuliza kwa nini mtu amkatae samaki wakati samaki wenyewe hawafiki.

Kuhesabu alikataa. Mimi nilitaka ahesabu sekunde, yeye akasema sekunde ni za watu wa redio. Alikuwa Mwanglikana wa kusinzia kwenye mahubiri na kuamka kwenye sadaka, lakini sala alizijua, basi alipima kwa Baba Yetu. Alianza kushindana na mkono mwanzoni mwa sala, na akifika kwenye mkate anaachia. Nilipojaribu mwenyewe niliona kipimo kile kinafaa kabisa kwa mtu anayesali bila haraka. Alifanya mazoezi akiwa amesimama kwenye vichanja akifukuza kunguru wasile usipa, alifanya akisubiri maji ya ugali yachemke, na mara moja, niliambiwa, alifanya kukataa samaki wakati mchungaji anamsalimia, na mchungaji akaenda nyumbani akiwa na mawazo.

Watu walimletea tiba nyingine, kama kawaida. Kulikuwa na kinyozi mmoja Mbamba Bay aliyesifika kwa kuzungusha shingo za wateja mpaka zilie, na wanaume walitoka pale wakijiona wapya. Jirani akamsihi mama aende. Mimi niliposikia nilipiga simu nikiwa na hofu ya kweli, maana shingo yenye vijino vile haichezewi hivyo. Mke wangu akaniambia nitulie, mama alishakataa. Alimwambia jirani, "Aliyesomea hanigusi. Atanigusa asiyesomea?"

Na bado hakupona. Hapa ndipo nilipopotea njia, na ukoo mzima ukapotea pamoja nami. Kila mke wangu alipopiga simu katikati ya wiki mama alikuwa afadhali, na kila Jumatatu, baada ya sisi kuondoka, maumivu yalikuwa yamerudi, mkono umekufa ganzi, hata kulala shida. Nikaona mazoezi hayatoshi, yanahitaji usimamizi. Nikaongeza safari. Tulikuwa tukienda mara moja kwa mwezi, tukawa tunakwenda karibu kila Jumamosi, tunashinda pale hadi Jumapili jioni. Mama akazidi kuwa mbaya.

Shemeji akaita kikao nyumbani kwake. Aliniuliza mbele ya wote, wewe unaonaje, na mimi nikasema nilichokiona. Nilisema katika safari zangu zote sijawahi kumwona mama akiinua shingo. Kichwa kimeshuka kifuani, kimepinda upande, bega la kulia limepanda. Shingo ya namna hiyo haiwezi kubeba ndoo. Mke wangu aliniangalia kama mtu anayetafuta kitu mahali asipokiona. Ikakubaliwa mama afuatwe mwisho wa mwezi.

Kabla ya mwisho wa mwezi, sisi wa hospitali tulikwenda kuwaona wagonjwa kwenye zahanati moja ya kule chini. Ilikuwa katikati ya wiki, na mimi kwa ukweni sikuwahi kwenda katikati ya wiki, wala bila taarifa. Kazi ilipokwisha tulisimamisha gari barabarani karibu na ufukwe, wenzangu wanunue samaki. Nikamwona mwanamke anapanda kutoka majini na beseni la usipa kichwani. Hakulishika. Kanga alikuwa ameifunga kiunoni, mikono inaning'inia, shingo imenyooka, na chini ya beseni lile kila kitu kilikuwa kimekaa mahali pake: kidevu, mabega, mgongo. Mtu akamwita kwa nyuma. Akasimama, akageuka mwili wote taratibu, akajibu, akaendelea. Alipofika kwenye vichanja alilitua beseni mwenyewe, kisha akainua kichwa akatazama mawingu juu ya ziwa, kwa muda mrefu, kama wanavyofanya wenye usipa nje.

Nikamgusa muuguzi wa zahanati, binti wa palepale. "Unamwona mama yule? Ile ndiyo shingo. Natamani wagonjwa wangu wote waje wamtazame."

Binti akaniangalia akidhani namtania. "Daktari, yule si mkwe wako?"

Nilitazama tena. Nyumba ilikuwa ile, kaburi nyuma ya jiko lilikuwa lile. Nikashuka kwenye gari, nikasogea hadi mahali pa adabu, nikasema, "Hodi. Shikamoo mama."

Shingo ikajikunja mbele ya macho yangu. Kidevu kilishuka kifuani, kichwa kikageuka kutafuta ukuta, bega la kulia likapanda kuja kuficha shavu, na kanga ikatoka kiunoni ikafunika vyote. "Marahaba" ilitokea chini ya kitambaa. Akabaki vilevile, hatikisiki, na nilijua angebaki vilevile kwa muda wote nitakaokuwepo, maana ndivyo alivyokuwa akibaki Jumamosi nzima na Jumapili nzima, wiki baada ya wiki, kwa heshima yangu. Hata shingo ya msichana ingelalamika. Ugonjwa niliokuwa nauripoti kwenye kikao nilikuwa nauleta mwenyewe, kwenye basi, pamoja na mkate na sukari.

Nilimpigia mke wangu simu pale pale barabarani. Alicheka mpaka nikasikia ameketi chini. "Kwa hiyo dawa yake ni wewe usije," alisema. Kisha akasema, "Lakini kwenye kikao nilijua kuna kitu. Mimi nikiwa naye mchana wewe umekwenda kuoga, shingo inainuka. Nikadhani ni mazoezi yanaanza kufanya kazi."

Shemeji hakufurahi. "Juzi haiinuki, leo inainuka. Tunazungumzia shingo ya nani?" Lakini ni mtu wa haki. Alisema atasubiri mpaka kahawa iuzwe, kisha ataangalia tena.

Nikajitolea nisiende tena. Ndiyo ilikuwa tiba rahisi. Mama alikasirika. Mkwe asipofika, alisema, kijiji kitadhani binti ameachika, au kitasema mama mkwe ni mchawi. Mke wangu akashauri tuiondoe aibu, kama wanavyofanya wengine: tupeleke kuku na kitenge, wazee wakae, wamwambie mama kuanzia leo anaweza kumtazama mkwe wake. Mama akakataa kabisa, na sababu aliyotoa nimeifikiria sana tangu siku hiyo. "Nikimzoea nitaanza kumtuma," alisema. "Nikimtuma ataanza kunijibu. Hivi tulivyo hatujawahi kugombana."

Jumamosi iliyofuata nilipobisha hodi nilimkuta amekivuta kiti chake katikati ya uwanja, kiti cha mbao chenye mgongo mrefu. Alikuwa amekigeuza kitazame ziwa, kigoda cha mgeni kikiwa nyuma yake. Akaketi wima, kanga mabegani, kisogo chote kwangu.

"Mwambie mkwe akae," alimwambia kuku. "Mimi nimeshakaa."

Kwa desturi ya watu wale, kumkalisha mgeni nyuma ya mgongo wako ni tusi. Habari zilizunguka kijiji kabla chai haijapoa. Mzee wa kanisa alikuja jioni kuuliza kuna ugomvi gani kati ya mama na mkwe, na kama anaweza kusaidia. Mama akamjibu kwamba mgongo wake una adabu kuliko nyuso za watu wengi anaowafahamu, na kwamba macho yake hayamwoni mkwe, kwa hiyo sheria haijavunjwa, na kama mzee ana sheria nyingine aitoe. Mzee alikunywa chai akaondoka.

Mimi nilikuwa nimefurahi kuliko mtu yeyote. Kwa mara ya kwanza nilikuwa namwona mgonjwa wangu. Shingo ilikuwa mbele yangu, yote, katika mwanga mzuri. Niliona jinsi inavyogeuka kushoto hadi begani na kulia inaishia njiani. Niliona bega la kulia linavyodanganya. "Mama, bega la kulia limepanda," nilisema, na yeye akamwambia kuku, "Mwambie limeshuka," na kweli lilikuwa limeshuka. Tulikwenda hivyo miaka mingi. Nilimwongezea mazoezi, nikampunguzia, nikamwekea kitambaa cha moto mgongoni kwa mkono wa mke wangu. Picha nyingine ingepigwa ingekuwa ileile au mbaya zaidi, maana vijino vya mfupa havirudi ndani. Lakini sisimizi waliondoka mkononi, kikombe kikatulia, na mjadala wa kuhama ukalala.

Tulibishana kuhusu mizigo. Mimi siko katika wale wanaomwambia mwanamke wa ziwani asibebe kitu kichwani tena, nitakuwa namwambia asiishi. Nilimwomba beseni nusu na safari mbili. Alilichukia beseni nusu. Watu wangemwona wangedhani amekosa samaki. Akakubali mwisho, lakini juu aliweka majani ya migomba lionekane limejaa.

Hakuwa mgonjwa mwaminifu, nisimpambe. Alikuwa na mto wa sufi, mnene kama gunia, uliokuwa unaikunja shingo yake usiku kucha, nikamwambia autupe atafute mwembamba. Akasema ameutupa. Kila mwaka niliuliza, na kila mwaka alimwambia kuku aniambie uliliwa na panya zamani. Tulipokwenda kuandaa kitanda chake siku ya msiba tuliukuta, una foronya mpya. Wanawake wengine aliwakemea kwa kulalia mito mikubwa. Aliwakemea pia kwa kukaa kivivu, kwa kuinamia simu, kwa kubeba watoto upande mmoja, na alikuwa akisema haya kwa sauti ya mtu aliyeyabuni. Nikiwa kwenye kigoda changu nyuma nilisikia ushauri wangu wote ukitolewa upya, umeongezwa chumvi, bila jina langu. Nilikuwa nikifurahi, na kidogo nikiumia. Nilimpenda sana mama yule, na sikuwa na njia yoyote ya adabu ya kumwambia.

Miaka yake ya mwisho mkono wa kulia ulianza tena. Safari hii haikuwa heshima, ulikuwa umri. Shemeji alisikia kwamba ndoo imemwangukia mlangoni, na hakuita kikao. Alikuja na gari, pikapu, nyuma kuna kamba za kufungia godoro. Mimi na mke wangu tulikuwepo, ilikuwa Jumamosi. Mama alikuwa kwenye kiti chake, anatazama ziwa.

Shemeji alimsalimia kwa heshima, akachutama mbele yake. "Mama, leo twende. Si kwa ubaya. Nikisikia umeanguka ukiwa peke yako nitaishi vipi?" Sikuweza kumlaumu. Shemeji akainua macho kunitazama juu ya bega la mama. "Shemeji, wewe sema. Wewe ndiye daktari. Ukisema abaki, sitamsumbua tena. Ukisema aende, anakwenda leo."

Mama akasimama. Akakishika kiti kwa mikono miwili, akakigeuza. Mke wangu alitoa sauti ndogo akatazama pembeni. Mama akaketi tena, magoti yake yakielekea yangu, akaitoa kanga kichwani akaiweka mapajani, akanitazama.

"Mkwe," alisema, na hapakuwa na kuku wala mlango kati yetu. "Niangalie vizuri, useme kweli. Usimwonee haya huyu, wala mimi."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Macho yangu yalitaka kwenda chini, nikayakataza. Alikuwa na uso mdogo kuliko nilivyodhani, wenye mikunjo myembamba, na macho ya mke wangu. Nikafanya kazi yangu. Nilimwomba arudishe kidevu nyuma, ageuke kulia, ageuke kushoto, atazame juu. Nilimwomba asimame atembee hadi kichanjani na kurudi, kisigino mbele ya kidole, maana shingo ikianza kubana uti wa mgongo miguu ndiyo husema kwanza, na miguu ikishasema, hapo si mazoezi tena, ni hospitali kubwa. Alitembea vizuri, polepole, amekasirika. Ilibaki mikono. Wagonjwa wengine nawapa vidole vyangu waminye. Nikachukua ncha moja ya kanga yake, nikampa nyingine, nikamwambia avute kwa mkono wa kushoto. Alivuta, nikalazimika kukaza mguu. Nikamwambia avute kwa wa kulia. Alivuta kwa nguvu zake zote, meno yameumana, na kanga ikamtoka vidoleni taratibu, na wote tuliokuwepo tuliiona ikitoka.

Aliitazama mkononi mwangu.

"Shingo inaweza," nilisema. "Miguu inaweza. Mkono wa kushoto unaweza. Mkono wa kulia hauwezi tena ndoo kubwa, na hautaweza. Ndoo ndogo unaweza."

Shemeji akasimama. "Basi si umesema mwenyewe? Hawezi."

"Nimesema ndoo, shemeji. Sijasema nyumba."

Shemeji akazitazama zile kamba kwenye gari. Mke wangu alikuwa analia bila sauti. Mama alinitazama kidogo zaidi, kama anayehakikisha kitu, kisha akachukua kanga yake mkononi mwangu kwa ncha, akajifunika. Akasimama, akakigeuza kiti kwa mkono wa kushoto, akaketi kutazama ziwa.

"Gari lisirudi tupu," alimwambia mwanawe. "Kuna muhogo. Na siku nyingine ukija, niletee ndoo ndogo mbili, zenye mifuniko."